Muhuri wa Bi Kuwabara

Nilimwona mara ya kwanza kwenye ngazi za ofisi yetu pale Osaka, mwezi wa pili mwaka 1989. Ofisi ilikuwa ghorofa ya tatu, juu ya duka la kalamu na karatasi. Alikuwa mwanamke mfupi wa miaka hamsini na kitu, amebana mto wa kukalia kwapani.

"Samahani, mdogo wangu," akaniambia. "Ndipo hapa wanapolipa watu kucheza?"

Nilikuwa nimeshika chuma cha kulehemu. Nikakielekeza mlangoni, kwa sababu maneno yalinikwama, kama yanavyonikwama kila mara mbele ya mgeni. Alinitazama kidogo, akatoa peremende kwenye mkoba, akaitia mfukoni mwa koti langu la kazi.

"Mumunya hiyo. Labda itakufungua mdomo." Akaingia.

Jina lake lilikuwa Kuwabara Sugie. Miaka ishirini na miwili alifanya kazi kiwanda cha soksi, akiziba soksi upande wa vidole. Kazi hiyo ni kuvalisha kila kitanzi cha uzi kwenye sindano yake, vitanzi zaidi ya mia kwa soksi moja, bila kuruka hata kimoja. Kiwanda kilipofungwa aliona tangazo letu gazetini. Mkurugenzi wetu, Bwana Yonekura, alikuwa anatafuta vijana wa kujaribu gemu za televisheni. Alimpa pedi ya kuchezea kwa kumtania tu. Baada ya wiki mbili vijana wenyewe walikuwa wanamwita shangazi na kumwuliza njia. Hakuwa mwepesi kuliko wao. Alikuwa hachoki kurudia, basi.

Kazi iliyotulisha ilikuwa kuzirekebisha gemu za Kijapani ziuzwe Amerika. Maneno yalitafsiriwa, makaburi yalifutwa, pombe iligeuzwa maji ya matunda. Mwisho kabisa uliongezwa ugumu. Huko Amerika maduka yalikodisha kaseti za gemu kwa siku mbili tatu, jambo ambalo kwetu lilikatazwa. Mtoto akiimaliza gemu kati ya Ijumaa na Jumapili, anairudisha dukani na hanunui tena. Kwa hiyo wenzetu wa Amerika walikuwa wanaandika kila mara: bado ni rahisi, kazeni.

Mimi nilichoma chipu. Programu ikiwa tayari, niliiandika ndani ya chipu kwa mashine, na chipu hizo ndizo zilizokwenda kiwandani kunakiliwa. Zina kidirisha cha kioo juu. Ukiziweka chini ya taa ya zambarau kwa dakika ishirini, yote yaliyomo yanafutika. Ndiyo maana kidirisha hufunikwa kwa kijikaratasi, na mimi nilitumia rangi tofauti kwa kila toleo nisije nikachanganya.

Pamoja na chipu ilikwenda karatasi yenye mihuri mitatu ya majina, ambayo kwetu ndiyo sahihi ya mtu: wa mtengeneza programu, wa mkurugenzi, na wa mmalizaji. Mmalizaji alikuwa Bi Kuwabara. Muhuri wake ulisema jambo moja tu: mimi, kwa mikono yangu, nimefika mwisho wa gemu hii. Ulikuwa wa mti, mumewe aliuchonga, una ufa pembeni. Aliutunza ndani ya soksi ya mtoto mchanga.

Sasa niseme habari za Alhamisi ile ya mwezi wa tisa, 1991.

Gemu ilikuwa ya mbweha anayebeba taa kuvuka mlima. Jumatano Bi Kuwabara aliimaliza na kugonga muhuri. Chipu zake nilizibandika kijikaratasi cha buluu. Jioni ikaja faksi kutoka Amerika, walikokuwa wamejaribu nakala tuliyowatumia mapema: daraja la mwisho ni rahisi mno. Yonekura akamwamuru Hamaguchi, kijana aliyeandika programu, apanue pengo la daraja kwa upana wa tofali moja. Saa nne asubuhi Alhamisi nilichoma chipu mpya, kijikaratasi chekundu. Gari la kuzipeleka uwanja wa ndege lilikuwa linakuja saa kumi na moja jioni. Zikikosa ndege, tunakosa zamu yetu kiwandani, na sikukuu za Desemba zinatupita. Kampuni ya watu kumi na wanne haikuweza kukosa Desemba mbili mfululizo.

Bi Kuwabara alikalia mto wake saa nne na nusu. Gemu ile ilichukua saa mbili na nusu, na haikuwa na mahali pa kupumzika. Roho zikikuishia, unaanza upya. Saa saba mchana alifika darajani akiwa na roho tatu. Akaruka. Akaanguka. Mara tatu.

"Shangazi, leo umekula nini?" Hamaguchi akamtania.

"Nimekula tofali lako, mwanangu, limenikwama." Akaloweka kidole gumba kwenye glasi ya maji baridi, akaanza upya tangu mwanzo.

Safari ya pili nilisimama nyuma yake. Kabla ya siku ile sikuwahi kumwona akitoka jasho. Alifika darajani saa kumi kasoro dakika kumi, roho nne. Aliiacha ya kwanza ikaanguka huku akihesabu kwa mdomo. Ya pili aliruka kutoka ukingoni kabisa, mguu mmoja wa mbweha uko hewani. Akaanguka. Ya tatu vivyo hivyo. Kabla ya ya nne alifuta viganja kwenye sketi. Akaanguka.

Aliweka pedi mezani.

"Halirukiki," akasema.

"Kwa hesabu linarukika," Hamaguchi akajibu.

"Basi ruka wewe."

Hamaguchi alikuwa na mfuatano wake wa siri wa kubonyeza, unaompeleka moja kwa moja kwenye daraja. Alijaribu mara kumi na moja. Masikio yakawa mekundu. Akavuta daftari lake, akalipitia ukurasa mmoja, akalifunga polepole. Sote tulielewa kwamba hesabu ilikuwa na kosa.

Yonekura alikuja na saa mkononi. "Kurekebisha ni muda gani?"

"Namba moja tu, bosi. Lakini kuikusanya programu yote upya na kuichoma ni saa mbili."

Ilikuwa saa kumi na dakika ishirini.

"Peleka za jana," Bi Kuwabara akasema. "Za jana nimezimaliza."

"Za jana wamezikataa, mama. Nikiwapelekea kitu walichokataa, hawatatupa kazi nyingine. Gonga muhuri." Sauti yake haikuwa ya ukali. Nadhani hakuwa amelala. "Nani atafika pale? Mtoto wa Amerika hafiki hata nusu ya mlima. Hakuna atakayejua."

"Mmoja atafika."

"Mmoja!"

"Huyo mmoja ndiye ninayemgongea muhuri. Atakaa mwezi mzima anaruka, akidhani ubaya uko kwenye mikono yake." Akavuta soksi ile ndogo, akaifunga fundo. "Soksi isiyozibwa kidole si soksi, bwana mkurugenzi, ni bomba. Mimi bomba sigongi."

Hakuna aliyecheka, ingawa siku nyingine tungecheka.

Yonekura aligeuka, akashuka ngazi bila koti. Nilidhani amekwenda kuvuta sigara. Alirudi baada ya dakika tano akihema, ameshika muhuri wa plastiki. Pale chini, kwenye duka la karatasi, kulikuwa na rafu ya kuzungusha yenye mihuri ya majina ya ukoo, kwa mtu aliyesahau wake nyumbani. Jina la Kuwabara lilikuwepo. Bei yake haifiki bei ya bakuli la tambi.

Aligonga karatasi mpya mbele yetu. Wake kwanza, kisha akamsogezea Hamaguchi, naye akagonga wake bila kuinua macho, kisha ule wa plastiki. Wino ulikuwa mwekundu safi, duara kamili, hauna ufa.

Bi Kuwabara aliusogelea, akautazama kwa karibu kama anayekagua soksi.

"Huyu Kuwabara ni nani?" akauliza. "Simjui."

"Watu kumi na wanne wanakula hapa," Yonekura akasema. "Funga mzigo, Nishio." Nishio ni mimi. Akaingia chumbani kwake kupiga simu uwanja wa ndege, akafunga mlango.

Bi Kuwabara alianza kukusanya vitu vyake: mto, glasi, kopo la peremende. Nilirudi mezani kwangu. Chipu za buluu zilikuwa bado kwenye droo. Niliambiwa nizifute asubuhi, sikupata nafasi. Karatasi ya jana, yenye mihuri mitatu na ufa pembeni ya mmoja, ilikuwa chini yake.

Nilizichukua, nikaangusha sanduku la kufungia mzigo. Hamaguchi alinitazama. Aliona kilichokuwa mkononi mwangu, nina hakika. Akainuka, akaenda dirishani, akanipa mgongo.

Nilifunga chipu za buluu na karatasi ya jana. Nilibandua vijikaratasi vyekundu, nikaziweka chipu mpya chini ya taa ya zambarau, nikawasha. Kengele ya mlango ikalia. Dereva alisaini, akachukua, akashuka. Karatasi yenye muhuri wa plastiki niliikunja nikaitia mfukoni. Ninayo mpaka leo.

Yonekura hakujua kamwe. Wakati wa masika wenzetu wa Amerika waliandika kwamba safari hii ugumu wa daraja umekaa sawasawa, akatusomea barua ile kwa sauti, amesimama. Hamaguchi alikohoa. Lakini kiti cha Bi Kuwabara kilikuwa tayari na mtu mwingine, maana hakurudi tena baada ya Alhamisi ile, na barua aliyoandikiwa hakujibu.

Siku hiyo, gari lilipoondoka, alipita mbele ya meza yangu akielekea ngazini, mto kwapani. Nilitaka kumweleza. Nilifungua mdomo, na kama kawaida hakikutoka kitu. Alivitazama vile vijikaratasi viwili vyekundu vilivyojikunja mezani. Kisha akautazama mwanga wa zambarau uliokuwa unapenya kwenye ukingo wa kifuniko. 

"Taa yako inawaka, mdogo wangu," akasema. "Usiizime kabla ya wakati wake."