Biju, Mbwa wa Mzungu Kule Kilibula

Enzi zetu, sisi tuliokulia Kilibula, kando ya ziwa, miaka ile ya uhuru, mtoto hakununuliwa kitu cha kuchezea. Mpira tulisokota wenyewe kwa majani makavu ya migomba, na mikono yetu ilinuka ndagala, dagaa wa ziwani, kutwa. Zaidi ya hayo, mimi nilikuwa na mbwa. Vijana mnaojipiga picha na mbwa wa kuoshwa kwa sabuni ya manukato mtanisamehe, wangu alikuwa kazi kuliko shule.

Mzungu ambaye baba alimtunzia bustani alipofunga masanduku kurudi kwao, aliacha mbwa jike na watoto wake. Baba akaja na mmoja ndani ya kapu, tukamwita Biju. Alikuwa anaota meno, basi alitafuna mguu wa kiti, ncha ya kitenge cha mama, na zaidi ya yote vidole vyetu.

Hapo matata yakaanza. Mbwa wa wazungu tuliwajua: mweupe walimwacha apite, mweusi walimrukia. Jirani yetu Papa Yakobo, mvuvi, alikuwa na kovu kwenye kigimbi. Alilipata siku aliyopeleka samaki nyumbani kwa mzungu mmoja, na mwenye nyumba alikuwa barazani akicheka. Sasa Biju alipomng'ata mjukuu wake kidole hadi damu, Papa Yakobo aliingia uani kwetu na kafi mkononi.

"Mama Riziki, iyi imbwa iko ya bazungu. Kuluma batu beusi iko mu damu yake. Minye nitaiua leo."

Mama aliendelea kuanika ndagala. "Papa Yakobo, iko naota meno tu. Unipe mpaka mavuno ya mupunga."

"Na kama italuma tena?"

"Utakuya na hiyo kafi. Minye mwenyewe nitaishika."

Nililia sana, maana mama hakuwa mtu wa kusema mzaha.

Baba aliamini mbwa wa mzungu husikia Kifaransa tu. Jioni alivaa koti lake la kanisani, akasimama uani na kumwambia Biju, "Non, monsieur!" Biju akaning'inia kwenye suruali yake.

Mama alikuwa na njia yake. Meno yakigusa ngozi ya mtu, unasema "ayi!" mara moja, unampa mbwa mgongo, na uani kote kimya. Hakuna kukimbia, hakuna kupiga. Akitulia, unampa kipande cha ngozi ya ng'ombe kutoka sokoni Luberizi, kilicholowekwa maji ya baridi, apoze fizi. Ugumu ulikuwa kwa watoto wa mtaa, waliokuja makusudi wafukuzwe huku wakipiga kelele. Aliyekimbia, mama alimtoa nje. "Naanza kufundisha weye," alimwambia, "imbwa itafuata." Na kweli, sisi tulijifunza kabla yake. Siku nilipokuta jino dogo limenasa kwenye ile ngozi, nilirukaruka kwa furaha.

Mavuno yalifika, na Papa Yakobo naye, na kafi yake. Alichuchumaa, akamtia Biju kidole mdomoni. Mimi nilikuwa nimeshika kitenge cha mama kwa nguvu zote. Biju akafumba mdomo, akasikia ngozi ya mtu, akakiachia kidole, akaenda kutafuta kile kipande chake cha ngozi ya ng'ombe.

Papa Yakobo aligusa lile kovu la mguuni.

"Kumbe banaifundishaka," alisema. "Basi na ile yenye ililuma minye, muntu aliifundisha."

Mama alimpa kiti na sahani ya ndagala. Uasi wa baada ya uhuru ulipofika na tukakimbilia milimani, Biju alitembea katikati ya wajukuu wa Papa Yakobo, na hakuna aliyeuliza tena alikuwa mbwa wa nani.

Leo mtaani kwetu kila lango lina mbwa nyuma yake. Mjukuu wangu naye kanunua wake, mdogo, bado anaota meno. Kamfunga mnyororo, na kila asubuhi anamchokoza kwa fimbo apate kuwa mkali. Nilimwuliza anataka amwume nani.

"Muntu yote mwenye atapita, koko," akanijibu mimi mzee wake, na fimbo mkononi.

Siku hiyo nilimkumbuka mama mpaka chakula kikanishinda.