Mama Kwenye Mizani ya Majani

Mimi si mtu wa kushangazwa na kitu. Nimeona lori langu likiteremka mlima bila dereva na kuingia kwenye chai ya jirani, nikamaliza soda yangu kwanza ndipo nikasimama. Nimeona mtu aliyekuwa akinilipa kubeba magunia akija kwangu na kofia mkononi, akiomba nimpe kazi. Shule niliachia darasa la tano. Leo nina malori matatu, ekari kumi na moja za chai upande wa Mogogosiek na nyumba ya mawe ya vyumba sita, na sikurithi hata jembe. Mtu aliyepanda kutoka kule chini atashangazwa na nini tena? Hayo ndiyo niliyokuwa nikiwaambia watu, mpaka ile Jumanne nilipomwinua mama yangu.

Ngoja nieleze kwanza habari ya mikono yangu. Kwenye kituo cha majani, mkulima analeta gunia lake la chai mbichi, karani analitundika kwenye mizani, anasoma, anatoa kilo moja ya gunia hata kama gunia tupu halifiki nusu kilo, anaandika. Mimi nilikuwa yule anayelibeba kutoka kwenye mizani hadi kwenye lori. Miaka tisa. Ilifika mahali nikishika gunia na kulitikisa mara moja, nakuambia kilo zake kabla karani hajafungua mdomo. Watu waliwekeana dau juu yangu. Wengine walikula nyama kwa sababu ya mikono hii. Nikikosea, nakosea kwa robo, na hapo ujue majani yalikuwa na umande.

Mama yangu alichuma chai ya estate, shamba la kampuni, miaka thelathini, tukiishi kwenye laini, zile nyumba za wafanyakazi, chumba kimoja. Miaka miwili iliyopita alipigwa na kiharusi, upande wa kulia ukafa. Mke wangu ana mgongo mbaya, hawezi kumgeuza mtu mzima kitandani. Dada yangu mmoja tu ndiye yuko karibu, ameolewa Merigi na ana watu wake wa kuwatunza. Basi nikatafuta makao ya wazee, nikayapata nje ya mji wa Kericho, yenye maua kwenye lango na vigae sakafuni.

Kwetu, kumpeleka mama akatunzwe na wageni ni jambo la kunong'onezwa. Kanisani walinong'ona. Niliwajibu kwa pesa. Ada ilikuwa shilingi elfu arobaini na tano kwa mwezi, nikalipa mwaka mzima siku moja, noti mezani, matroni, msimamizi wa makao, akahesabu mpaka kidole kikakauka mate. Akanipa karatasi nne za Kiingereza nitie sahihi. Kiingereza na mimi hatusalimiani, lakini singemwambia hivyo mwanamke aliyekuwa ameshaniita mheshimiwa mara tatu. Nilikunja uso kama mtu anayesoma, nikapindua kurasa polepole, nikatia sahihi.

Kila Jumapili saa nane, baada ya ibada, nilikuwa hapo. Mama alikuwa analetwa barazani kwenye kiti cha magurudumu, amefungwa ndani ya blanketi nililomnunulia mimi, zito, la bei, hakuna mzee mwingine mle aliyekuwa na kama hilo. Nilikaa mbele yake, tukaongea habari za ng'ombe na mvua. Mwanaume aliyetoka jandoni haendi kumpapasa mama yake wala haingii anapolala. Unampa mkono, unakaa mbali kidogo, hiyo ndiyo heshima. Kwa hiyo mimi nilikuwa naona uso na mkono mmoja. Kilichobaki kilikuwa blanketi.

Uso ulipoanza kuingia ndani, nilimuuliza matroni.

"Ni uzee, mzee wangu," akasema. "Lakini kilo ziko sawa. Njoo uone faili."

Faili nilisoma. Kiingereza hapana, lakini namba ni ndugu zangu. Kilo hamsini na sita. Mwezi uliofuata, hamsini na sita. Nikawaambia wazee wote waliokuwa barazani kwamba ukilipa vizuri unapata kazi nzuri, na nikawatajia nililipa ngapi.

Ile Jumanne nilikuwa natoka kiwandani, lori limeshashusha majani. Kulikuwa na kabichi zimebaki nyuma, nikamwambia dereva tupite kwenye makao tuwaachie. Sikuwa nimepiga simu. Ilikuwa saa saba kasoro, chakula cha mchana. Mama alikuwa barazani, sahani ya ugali na sukuma wiki iko kwenye kimeza upande wake wa kulia, upande uliokufa, haijaguswa. Mwanamke mmoja wa zamu alikuwa anapita akikusanya sahani, zilizoliwa na zisizoliwa, anazipanga mkononi. Akachukua ya mama pia. Mama alijaribu kuifuata kwa mkono wa kushoto, akainama, akaanza kuteleza kutoka kwenye kiti.

"Baba, nishikie kogo! Ataanguka!" yule mwanamke akapiga kelele.

Kogo ni nyanya, yaani bibi, kwa lugha yetu, ndivyo walivyokuwa wakimwita. Sikukumbuka mila. Niliruka, nikapitisha mikono chini yake, nikainua kama ninavyojua kuinua. Mgongo wangu ulikuwa umejipanga kwa kilo hamsini na sita. Nilimrusha mama yangu. Alipanda kama mto wa kulalia, kichwa chake kikanigonga kidevuni, nami nikapepesuka nyuma hatua mbili nikiwa nimemkumbatia. Ndani ya blanketi hamkuwa na mtu, mlikuwa na vijiti.

"Thelathini na tano," nikasema, blanketi nikiwa nimeshalitoa.

"Thelathini na tano nini?" yule mwanamke akauliza.

Nilimrudisha mama kwenye kiti, nikaenda ofisini. Matroni alikuwa anakula. Sahani yake ilikuwa na nyama.

"Mama yangu ana kilo thelathini na tano."

"Mzee, nani amempima?"

"Mimi. Sasa hivi."

"Kwa mizani gani?"

Nikamwonyesha mikono. Akacheka. Nakwambia alicheka, akachukua tishu akajipangusa mdomo, akafungua faili. Miezi saba, hamsini na sita, hamsini na sita, chini hadi juu, mwandiko mmoja, kalamu moja.

"Basi tumpime," nikasema.

"Mizani yetu imeisha betri."

"Tangu lini?"

Akafunga faili. "Mzee, hapa tunatumia utaalamu. Hatupimi watu kwa mikono kama majani."

Hapo ndipo aliponikumbusha. Nilitoka nje, nikamwambia dereva ateremshe mizani iliyokuwa kwenye lori, ile ya kutundika, imekaguliwa na kupigwa muhuri, ndiyo tunayonunulia chai. Tukaifunga kwenye boriti ya baraza. Nikachagua gunia jipya, safi, halijaguswa na jani. Halafu nikasimama mbele ya mama na gunia mkononi, na sikujua nianze vipi. Huyu ndiye alinizaa.

"Unataka kunitundika?" akauliza. Mdomo wake unavuta upande, lakini maneno yanatoka.

"Mama, nisipofanya hivi hakuna atakayeniamini."

Aliinua mkono wa kushoto, akaigusa ndoana ya mizani. "Mimi nimepimiwa miaka thelathini," akasema. "Nipime. Lakini usitoe kilo ya gunia. Walishakula za kutosha."

Mimi na dereva tulimkalisha ndani ya gunia kama kwenye bembea, blanketi na yote, nikamshika mgongo asizunguke. Kilo thelathini na saba na gramu mia mbili. Nikamrudisha kwenye kiti, nikatundika gunia na blanketi bila yeye. Mbili na mia nne. Fanya hesabu. Mama yangu alikuwa thelathini na nne na mia nane. Mikono yangu ilikosea gramu mia mbili.

Wazee wote walikuwa wameinua shingo kuisoma mizani. Kulikuwa na mmoja kutoka upande wa ziwa, fundi wa boila aliyestaafu kiwandani, mrefu, koti limemning'inia. Alisogea na fimbo yake.

"Omera, ndugu yangu, ukimaliza, na mimi."

"Wameandika ngapi?"

"Sabini na moja. Mke wangu angekuwa hai angecheka."

Tukampima. Hamsini na mbili. Nyuma yake wakaanza kujipanga, wenye fimbo na wenye viti, kama wakulima kwenye kituo siku ya mvua. Nilipima wanne. Matroni akatoka mbio.

"Toa hiyo kitu! Hapa si kituo cha majani!"

"Ni kweli," nikamwambia. "Kituo cha majani wanaiba kilo moja kwa gunia. Wewe kwa mama yangu umeiba ishirini na moja."

Akaita askari wa lango. Askari alikuja, akaangalia mstari wa wazee, akaangalia mikono yangu, akasema anaenda kufunga lango, akapotea.

Nikamwambia matroni kwamba mama anaondoka leo, nirudishiwe pesa za miezi mitano iliyobaki. Akaleta zile karatasi nne. Akanisomea ya tatu, kwa Kiswahili kizuri, polepole, kama anayemsomea mtoto: atakayelipa mapema na kuondoka kabla ya wakati, harudishiwi chochote. Chini yake sahihi yangu, kubwa, na mkia.

Tulipokuwa tunampandisha mama kwenye lori, yule mwanamke wa zamu alinifuata na furushi la nguo zake. Alikuwa analia na ana hasira pia, nafikiri hasira kwangu.

"Baba, tuko wawili kwa wazee ishirini na sita. Kogo anakula vizuri akilishwa. Lakini ni dakika hamsini. Nikikaa naye dakika hamsini, wengine nani atawageuza? Saa saba sahani lazima ziwe jikoni, mpishi anaenda."

"Na zile namba?"

"Tunanakili za mwezi uliopita. Tuliambiwa namba isirukeruke, familia zinaogopa." Akaniwekea furushi mikononi. "Jumapili tunawalisha wenye wageni. Wewe unakuja Jumapili."

Fundi wa boila alikuwa amesimama barazani. "Wewe umeondoka na wako," akaniambia. "Na sisi?"

Nilipanda lori nikafunga mlango.

Sikunyamaza lakini. Nilienda kwenye ofisi moja ya serikali, nikangoja asubuhi nzima, nikamweleza kijana mwenye tai. Akaniambia makao hayo si hospitali, kwa hiyo si yao. Nikauliza basi ni ya nani. Akasema nijaribu mlango wa pili. Mlango wa pili wakaniandikia vizuri mpaka nilipofika kwenye kilo.

"Mizani ilikuwa ya aina gani?"

"Ya majani ya chai. Ina muhuri."

Aliyekuwa akiandika akaweka kalamu chini. "Hiyo imeidhinishwa kupimia majani, mzee. Kwa binadamu haiwezi kukubalika."

Nilimuuliza kama kilo ya jani na kilo ya mama yangu ni kilo mbili tofauti. Akasema niteremshe sauti. Sikuiteremsha, na mpaka leo sijaiteremsha. Nimerudi mara tatu.

Nyumbani, siku ya kwanza mke wangu alimlisha. Siku ya pili mama alifunga mdomo. Akaninyooshea kidole cha mkono mzima.

"Wewe uliyelipa. Kaa hapa."

Kijiko cha chuma kilikuwa kinamgonga ufizi. Nikatembea mwenyewe hadi sokoni, nikanunua cha plastiki, cha watoto, cha kijani. Nikakaa upande wake wa kushoto na bakuli la uji wa wimbi wenye maziwa lala, yale yaliyochachuka. Mimi ninayepakia lori zima kwa dakika arobaini nilichukua dakika hamsini na tano kumaliza bakuli moja. Anameza, anapumzika, anaangalia dirishani, anafungua mdomo tena. Ukiharakisha anapaliwa.

Katikati ya bakuli nikamuuliza mbona hakuniambia. Miezi saba, kila Jumapili niko pale mbele yake.

"Kila Jumapili ulikuwa unawaambia wale wazee umelipa ngapi," akasema. "Na mimi ningesema nini mbele yao? Kwamba mwanangu amelipia sahani ya kuondolewa?"

Akafungua mdomo. Nikaweka kijiko.

Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi natundika mizani kwenye baraza yangu. Juzi alikuwa kilo arobaini na tatu na nusu, na gunia nimetoa kihalali, gramu kwa gramu. Yale makao bado yako wazi. Wamepaka lango rangi mpya, na maua yameongezeka. Fundi wa boila nilimpelekea maziwa, wakayapokea langoni, sijui kama yalifika kinywani mwake.

Watu wanapenda kuniuliza, mheshimiwa, ile habari ya mama ilikugharimu ngapi. Wanajua mimi hupenda kutaja. Basi nawatajia. Uji ni wa shamba langu na maziwa ni ya ng'ombe wangu, siyahesabu. Ada ya mwaka, laki tano na elfu arobaini, haikurudi hata senti. Kijiko cha plastiki, thelathini na tano. Jumla ni shilingi laki tano, elfu arobaini na thelathini na tano.