Nilichomoa Nyaya, Nikamwambia Mjukuu Wangu Taa Inawaka

Kosa ni langu, msimtafute shetani. Shetani hakuwepo kwetu Walukuba, hapa Jinja, siku hiyo. Nilikuwepo mimi, mwenye akili nyingi sana na darasa la tatu.

Mjukuu wangu, nimwite Zaitun, anakaa Mbale. Alikuwa anashughulika na lugha ya kuandikia programu za kompyuta, lugha ambayo hata wenye kompyuta zao hawaijui. Ilijua hesabu tu. Kuongea na kompyuta nyingine kwa intaneti, haikuweza. Zaitun ndiye aliyekuwa akiitengenezea uwezo huo. Wenye lugha hiyo, watu waliotawanyika nchi nyingi, wakampa mwezi mmoja: ikifanya kazi, sehemu hiyo itaingia kwa jina lake.

Akaniletea kompyuta Jinja, akaiunganisha chumbani.

"Habuba," akasema, maana ndivyo sisi Wanubi tunavyomwita bibi, "mimi nitaiita kutoka Mbale, hii ya kwako iitikie. Usiiguse."

Nisiiguse, eti. Mimi niliyelea watoto saba.

Alhamisi wakaja wanawake wa chama chetu cha kushona. Kwetu Wanubi kitu cha thamani hakifichwi chumbani. Kinakaa sebuleni juu ya kitambaa cha kudarizi, wageni wakione. Nikachomoa nyaya zote, nikaipamba kompyuta kama bi harusi.

"Hii ndiyo inaongea na Mbale?" akauliza Mama Hawa, jirani yangu.

"Na Ulaya."

"Mbona imenyamaza?"

"Inaheshimu wageni."

Simu ikalia. Zaitun.

"Habuba, haiitikii. Umeigusa?"

Mbele ya wale wanawake? "Sijaigusa. Taa yake inawaka."

"Una hakika?"

"Unaniita mwongo, mama?"

Basi akaniamini, mtoto mwenye adabu. Wageni walipoondoka nikairudisha kompyuta chumbani, nikazichomeka nyaya, kila mmoja kwenye tundu lililonipendeza.

Siku tisa mtoto akatafuta kosa ndani ya kazi yake mwenyewe. Akabomoa kilichokuwa kizima, akakijenga, akakibomoa tena. Kila siku ananiuliza, na mimi injinia mkuu namjibu: inawaka. Mwezi ukaisha. Akawaandikia wale watu kwamba kazi imemshinda. Kazi wakampa mtu mwingine.

Alipokuja kuchukua kompyuta akaitazama kwa nyuma, akaona nyaya zilivyochomekwa ovyo.

"Tangu lini?"

"Tangu ile Alhamisi."

Akakaa kitandani. "Ungeniambia tu, Habuba. Ningepanda taksi siku hiyo hiyo."

Akala chakula changu, akanishukuru, akarudi Mbale. Ile lugha sasa inaongea na dunia nzima, nasikia. Jina lililoandikwa pale ni la mtu mwingine.

Bibi wenzangu mnaojivunia wajukuu, mkiulizwa kama mmegusa, semeni mmegusa. Aibu ya mbele ya wageni inaisha chai ikiisha. Mjukuu atakukasirikia, mwache akasirike. Wangu hajanikasirikia hata kidogo. Ananipigia kila Ijumaa, ananisalimia vizuri, na hakuna kitu tena anachoniuliza.