Mtama Ambao Ndege Hawaugusi

Tangu nistaafu, watu wa Naro Moru wana salamu moja tu kwangu. "Mzee, sasa unapumzika." Hawaulizi. Wanatamka wakitabasamu, nusu pole nusu hongera. Nikienda kununua sukari, ninapumzika. Nikisimama nje ya kanisa baada ya ibada, ninapumzika. Siku moja nilikuwa nimebeba gunia la viazi mgongoni, jasho linanitiririka, na jirani akapita akaniambia hivyo hivyo. Nusura nimtupie gunia.

Nilikuwa mtunza stoo wa shule ya bweni kule Giakanja, kwa muda mrefu sana. Walimu wakuu walikuja na kuondoka wakaniacha na funguo zilezile kiunoni. Hakuna aliyekula kabla sijafungua mlango. Wapishi walinisubiri na masufuria yao, madereva wa malori walinisubiri na maharagwe yao. Nilikuwa mkali, nakubali, lakini hakuna mwanafunzi aliyelala njaa. Halafu wakanipa chai, keki na blanketi, wakachukua funguo, nikarudi nyumbani.

Nyumbani nilikuta kila kazi ina mwenyewe, na mwenyewe ni mama watoto. Ng'ombe ni wake, mboga ni zake, na kuku wa nyama ndio usiseme. Nyumba ya kuku aliijenga yeye nikiwa bado Giakanja, siku zile nilipokuwa nikija mwisho wa mwezi kama mgeni. Vifaranga huleta yeye. Moto wa jiko la kuwapasha joto anaujua yeye. Hata mnunuzi, Mwislamu mmoja mwenye hoteli karibu na msikiti mjini Nyeri, humpigia simu yeye, nami nikiishika ile simu huniuliza kwa adabu kama mama yuko karibu. Ufunguo wa kufuli la kuku hukaa kwenye pindo la leso yake. Mimi nikishika jembe naambiwa hapo pameshapandwa. Nikishika ndoo naambiwa hiyo ni ya maziwa. Nilianza kuamka asubuhi nikiwa nimekasirika kabla hata sijakosewa na mtu.

Ndipo nikapata wazo langu. Kila mara mama watoto aliporudi na gunia la chakula cha kuku alikuwa akilalamika kwamba bei imepanda tena. Na nyuma ya nyumba kulikuwa na mlima wa maranda yaliyotolewa chini ya kuku, yamejaa mavi, anawagawia majirani bure. Na shamba letu la chini, lile la kando ya barabara, mahindi hukauka kila mwaka pale pale yanapotaka kubeba. Niliviangalia vitu hivyo vitatu siku nyingi, maana kazi ya kuangalia ndiyo niliyokuwa nayo. Mtama hauogopi ukame. Basi kuku watoe mbolea, mbolea ikuze mtama, mtama urudi kwa kuku. Hakuna mbolea ya dukani, hakuna dawa, hakuna gunia la kununua. Nilipolielewa jambo hilo nilitembea kutoka shambani hadi nyumbani kwa haraka kama kijana.

Mama watoto alinisikiliza huku akichambua mchele. Mwisho akasema, "Nitakupa nusu ya nyumba. Tutaweka waya hapo katikati. Lakini ni kundi moja tu, mzee. Ikikataa, kuku unaniachia."

"Na ikikubali?"

"Ikikubali, kuku itakuwa yako na mimi nitapumzika."

Alinichongeshea ufunguo wangu mwenyewe. Niliufunga kwenye mshipi siku ileile, ingawa ndani ya ile nusu yangu hakukuwa na kitu ila waya na upepo. Nilijua vizuri nilichokuwa nakitaka. Nilitaka niamke na kuwe na kitu ambacho bila mimi hakiendi. Na kama kundi lile lingeshindwa, nilijua pia nitakachorudia: kukaa bure na kuonja chai kama ina sukari.

Mbegu nilinunua kwa duka la dawa za mifugo pale mjini. Kijana wa duka aliweka vikopo viwili mbele yangu. "Mzee, niko na nyeupe na nyekundu. Nyeupe ni tamu, lakini ndege itamaliza yote. Lazima mtu akae kwa shamba kutwa nzima akifukuza. Hii nyekundu hata ukienda ukae Nairobi, ndege haigusi. Ati iko chungu kwao."

Sikuhitaji kufikiria. Watoto wetu ni watu wazima wenye kazi zao, na watoto wa jirani wako shule. Mimi mwenyewe, mtu aliyehesabu lori zima la mahindi mlangoni, nikakae juu ya kopo katikati ya mtama nikipiga debe na kupigia ndege kelele, huku watu wanapita barabarani wakielekea Nanyuki? Nilimwambia anipe nyekundu.

Mbolea ile niliishughulikia kwa moyo wote. Niliyalundika maranda pamoja na samadi ya ng'ombe na nyasi kavu, nikamwagia maji, nikafunika, nikawa nayageuza kwa uma mpaka yakaacha kunuka na kuwa meusi, yakiporomoka mkononi kama majani ya chai yaliyokwisha kunywewa. Mgongo uliniuma na nikafurahi kwamba unauma. Mtama ukaota. Baridi yetu iliuchelewesha, ukakaa mfupi muda mrefu nikaanza kuusemesha, halafu mvua kidogo ikaja ukainuka. Ulipotoa masuke mekundu, ndege walikuja makundi kwa makundi, wakatua, wakaonja, wakaondoka kwenda kwenye ngano za watu. Nilisimama pale nikicheka peke yangu. Kila aliyekuja kututembelea nilimshika mkono nikampeleka shambani kumwonyesha mtama usiohitaji mlinzi. Nilimpeleka hata mchungaji, na viatu vyake vya kanisani.

Tulivuna, tukakausha, tukapura. Magunia yakajaa chumba cha nyuma. Nilisaga, nikachanganya na soya na dagaa wa omena na chokaa kama nilivyoelekezwa. Vifaranga wakaja, wake upande huu wa waya na wangu upande ule, na walipokuwa wadogo bado tukiwapa wote chakula cha dukani usingejua ni yupi wa nani. Kisha nikawaanzisha wangu mtama.

Walikula omena. Walikula soya. Kisha wakapangusa midomo kwenye maranda, huku na huku, wakasimama kuniangalia.

Nilidhani ni ugeni. Kesho yake hivyo hivyo. Walichambua chakula kwa midomo yao midogo kama mama watoto na mchele wake, wakaacha ule unga mwekundu chini ya chombo. Nikausaga laini zaidi. Nikausaga kwa kuparaza tu, ukabaki chenga. Nikaukoroga na maji ya moto ukawa kama uji, nikaupoza, nikawapelekea, wakaukanyaga. Nikaongeza molasi. Hapo walikula, lakini kwa uvivu, kama wanafunzi wanaokula maharagwe siku ya nne mfululizo. Niliwajua wanafunzi wa namna hiyo. Huwa hawafi, ila hawanenepi.

Na ng'ambo ya waya kuku wa mama watoto walikuwa wakivimba. Ndilo lililoniumiza zaidi, ule waya. Ungekuwa ukuta ningejidanganya. Asubuhi nilifungua kufuli nikakuta wake wamejaza kifua, wanatembea kwa shida kama matajiri, na wangu wana miguu mirefu iliyopauka na shingo za kuchungulia. Niliwatukana. Niliwaambia wao ni kuku wa kwanza katika mkoa huu kula chakula kisichokuwa na hata chembe ya mbolea ya dukani. Waliinamisha vichwa upande mmoja wakanisikiliza. Mama watoto angesema neno ningemjibu, nilikuwa nimeshajiandaa na majibu tele, lakini alipita tu na ndoo yake.

Asubuhi moja alikuwa anafagia uani, nami nimetoka kumwaga mabaki ya chakula kwa hasira. Wale ndege wadogo wanaokuja kila siku kuokota punje za wali walishuka. Waliruka ruka juu ya mtama wangu, wakaudonoa mara moja moja, wakaacha, wakaenda kutafuta wali. Mama watoto aliegemea ufagio.

"Mzee, si uliniambia hii mtama ndege haigusi?"

"Ndiyo. Haigusi. Unaona mwenyewe."

"Naona. Sasa kuku ni nini?"

Aliuliza taratibu tu, bila hata kucheka, akaendelea kufagia. Mimi nilibaki nimeshika chombo kitupu. Nilikuwa nimelikagua kila jambo: udongo, mbolea, mvua, soya, mashine ya kusagia. Nilikuwa nimemwambia mchungaji na kanisa zima habari za mtama uliowashinda ndege, kisha nikaupeleka kwa ndege wangu mwenyewe na kuwafungia nao ndani. Nilikasirika mpaka masikio yakapata moto. Nilimkasirikia kijana wa duka kwa kutoniambia, nikakumbuka aliniambia. Nikamkasirikia mama watoto kwa kuwa na swali fupi hivyo.

Wakati huo kuku hawangeweza kuokolewa. Mwenye hoteli alikuja siku yake na kijana wake wa kuchinja, akachukua wa mama watoto wote bila hata kuchagua. Kisha, kwa heshima, akaja upande wangu. Alimshika mmoja wa wangu, akampima kwa mkono, akampuliza manyoya ya kifuani na kutazama ngozi.

"Mzee, hii ni broila ama umechanganya na ya kienyeji?"

"Ni broila. Imekula mtama yangu. Mbolea ya boma tupu. Hakuna kitu ya duka hapo."

"Mashallah," akasema, na kwa jinsi alivyosema nilijua jibu. Alimrudisha chini polepole kana kwamba anaweka glasi. "Ni kitu mzuri, mzee. Lakini mtu wangu akiagiza robo, anataka kuona robo. Hii robo yake nitaificha wapi? Wacha zikae kidogo."

Hazikukaa. Tulizila. Tulikula kuku Jumapili, tukala kuku Jumatano, tukawapa wageni, tukawapelekea shemeji zangu Othaya. Na nyama ile, nisiwe mwongo, ilikuwa tamu. Tamu kweli, yenye ladha ya kuku wa zamani. Hilo liliniudhi kuliko yote, kwa sababu nilishakubali kushindwa, na sasa nilikuwa naambiwa na ulimi wangu mwenyewe kwamba nilikosea padogo. Mama watoto alivunja mfupa, akaunyonya. "Nyama iko sawa," akasema. "Ni vile ni kidogo."

Kuku wa mwisho alipoliwa, niliufungua ufunguo kwenye mshipi nikauweka mezani mbele yake.

"Hii ni ya nini?"

"Ulisema kundi moja. Imekataa."

Aliutazama ufunguo, hakuushika. "Mbolea haikukataa. Mtama ilimea hata kuliko mahindi yangu. Panda ile nyeupe."

"Nyeupe inataka mtu wa kukaa shamba kutwa nzima akifukuza ndege."

"Najua."

"Sasa mtu huyo atatoka wapi?"

Hapo aliniangalia. Aliniangalia kwa muda, kuanzia kofia hadi viatu, na sikuona dharau yoyote machoni pake, na ingekuwa heri ningeiona. "Mzee," akasema, "kwani saa hii unafanya nini?"

Basi ndio niko hapa. Mtama mweupe umetoa masuke, na mimi nimekaa juu ya mtungi uliopinduliwa, debe liko kati ya magoti, fimbo iko mkononi. Upepo wa mlima unaingia kwenye koti mpaka mbavuni. Nimefunga kamba za nailoni zinazopiga kelele, na ndege walizizoea kwa asubuhi moja. Sanamu niliyoivalisha koti langu la kazini la Giakanja, wanatua juu ya mabega yake. Nikipiga debe upande wa juu wanahamia upande wa chini. Nikifika chini nikihema, wako juu. Hawali sana kila mmoja, ila hawaishi. Nimewachukia kwa chuki ambayo sikuwahi kumchukia mwizi wa stoo. Na barabarani watu wanapita, wote wale niliokuwa nawaogopa, wananitazama vizuri.

Juzi pikapu ya mwenye hoteli ilipita kuelekea Nanyuki. Ilipunguza mwendo, ikasimama kando. Aliteremsha kioo, akatoa mkono. Nilijiandaa kusikia kwamba ninapumzika, na nilikuwa na jibu lisilofaa kwa mtu wa dini.

"Mzee, uko kazini?"

Tangu nitoke Giakanja hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo. Nilisimama, nikavuta suruali juu, ufunguo niliourudisha kiunoni ukagonga kwenye mshipi.

"Niko kazini," nikamjibu.

Nilitaka kuongeza kitu, kumwambia kuhusu mbegu, kumwambia aje mwenyewe apulize manyoya ya kundi lijalo. Lakini nilipogeuza kichwa, upande wote wa chini ulikuwa umeinama kwa ndege, nikashika debe nikakimbia.