Kopo la Mlangoni

Maumivu yalianzia ubavuni, upande wa kulia, pale ninapokaza kitenge nikibeba mtoto. Nikadhani ni mzigo wa muhogo. Kesho yake kukojoa kulinichoma kama pilipili, na baridi ikanishika mchana, jua la Kasongo likiwaka nje. Hapo nilijua, na niliogopa. Ugonjwa huu nilikuwa nimeshauona nyumbani kwetu Wamaza. Ndio uliomchukua yaya, dada yangu mkubwa, mimi nikiwa bado mtoto.

Majirani walikuja na udaktari wao. Mmoja alileta ndevu za mahindi zilizochemshwa, mwingine akanikanda mgongo kwa kitambaa cha moto mpaka nikamtukana. Wa tatu alikuwa na kidonge cha rangi mbili alichobakiza siku mumewe alipoumwa jino. Kidonge nilikikataa. "Mgonjwa haulizwi uji," walisema, wakaninywesha maji ya ndevu. Kitambaa kilituliza kidogo, siwezi kukana. Homa haikumjali mtu.

Mama, aliyekuwa amekuja kutoka Wamaza kwa pikipiki, alinipeleka kituo cha afya. Muuguzi alipima mkojo, akasema vijidudu vimeshapanda kwenye figo, na kwamba ndevu za mahindi haziwezi kuvishusha. Alinichoma sindano, akanipa na vidonge, nivimalize hata nikijisikia mzima. Kisha akamgeukia mama.

"Na maji, mama. Anywe, anywe tena. Mutu wa ugonjwa huu hanyimwi maji."

Mama alimwomba alirudie neno hilo la maji, mara mbili.

Mchana ule, nikiwa nimelala mkekani na homa bado kali, nilimwona yaya. Alisimama mlangoni, midomo imepasuka kwa ukavu, ameshika kopo la maji kwa mikono miwili. Akaninyooshea. Kwetu kila mtoto anafundishwa: marehemu akikupa chakula au kinywaji ndotoni, usipokee, maana ukipokea umeondoka naye. Nami sikujua tena kama naota au niko macho. Basi nikakataa makopo yote. Mama akileta maji, nafunga mdomo. Akinipa kidonge, nakitema. Kiu ilikuwa inaniliza, lakini kufa niliogopa zaidi.

"Kunywa, mutoto wangu."

"Sitaki. Sijui kopo iko ya nani."

"Iko ya mimi, mama yako."

"Yaya naye iko na yake. Iko pale mulangoni."

Mama aligeuka akautazama mlango. Nilitegemea asome dua, amfukuze. Hakufanya hivyo. Alikaa chini karibu na kichwa changu, kopo mkononi.

"Kama njo yeye, kama ni yaya, upokee," alisema. "Hakukuja kukubeba. Alikuwa analia kila akienda kukojoa. Nikasema, tumupunguzie maji, asichomeke. Akaomba, nikamunyima. Akaomba tena, nikamunyima. Maji aliyopata ni ile ya pamba tu."

Pamba hiyo naikumbuka. Mtu akiwa anakata roho, pamba huchovywa kwenye maji, akadondoshewa mdomoni, huku watu wakimsomea shahada. Nilikuwa nimesimama nyuma ya shangazi, nikaona jinsi yaya alivyoing'ang'ania ile pamba kwa midomo, na wanawake wakasema alhamdulillahi, ameipokea vizuri. Miaka yote hiyo niliamini ilikuwa imani.

Nilimchukia mama kwa muda wa pumzi moja. Kisha nikamwona alivyokuwa amejikunja pale chini, mwanamke aliyemnyima mtoto wake maji kwa kumwonea huruma, na nikamhurumia. Nikachukua kopo mkononi mwake. Nikameza kidonge, nikanywa yote, nikaomba mengine. Mama alikuwa akiangalia koo langu, kila funda.

Nilipomaliza, aliuliza kwa sauti ndogo, bila kuthubutu kugeuka:

"Iko pale bado?"

Mlangoni palikuwa na jua tu.

"Iko," nikamwambia. "Ananywa."