Dole Gumba la Marehemu Mama

Mama alikata roho alfajiri ya Jumatatu. Siku hiyohiyo, kwa mujibu wa karatasi, akagawa kampuni yake.

Msinicheke. Haya yamenifika mimi, Mayasa, hapahapa Unguja.

Mimi na mama tulikuwa na kampuni ndogo ya sabuni za mwani, karakana yetu ipo Amani. Yeye asilimia sitini, mimi arubaini.

Miezi saba baada ya maziko, benki wakanitaka nihuishe taarifa: cheti cha usajili, leseni, vitambulisho, barua ya sheha wa mtaa, na orodha mpya ya wamiliki.

Nikaichukua orodha ofisi ya usajili, nikaipeleka benki bila hata kuisoma. Ujinga wangu.

Dada wa benki, Khairiya, akaitazama. Kisha akanitazama mimi.

"Bi Mayasa, huyu Bashira ni nani?"

"Dada yangu. Kwani?"

"Ndiye mwenye asilimia sitini."

Nikacheka. Halafu nikaiona tarehe hisa zilipohamishwa. Siku aliyokufa mama.

Mbio mpaka Jang'ombe kwa Bashira. Nikamkuta anachambua mchele.

"Mama alinipa mwenyewe, kwa dole gumba lake," akasema, macho hakunyanyua.

"Lini?"

"Alipokuwa hai, lini tena?"

Muongo! Wiki yake ya mwisho mama hakuwa na fahamu. Hata maji tulimdondoshea kwa pamba.

Nikaenda kwa Bi Mwanakheir, aliyeikosha maiti ya mama.

"Shikamoo, Bi Mwanakheir."

"Marahaba, mwanangu."

Nikamuuliza kama siku ile aliona chochote.

"Ya maiti hayasemwi. Lakini nkinyamaza na mie ntakuwa nimedhulumu. Dole la mama yako lilikuwa na wino. Nkalisugua kwa majani ya mkunazi, haukutoka. Nkadhani ni mambo ya pensheni ya wazee."

"Nani aliingia chumbani kabla yako?"

"Bashira. Alisema anataka kumsomea Yasini peke yake."

Nikatoka mbio bila hata kuaga. Wallahi.

Dada yangu wa tumbo moja! Ameukamata mkono wa mama, haujapoa vizuri, akaubonyeza kwenye wino kama muhuri wa duka. Kisha akatoka nje kupokea mikono ya pole.

Nikarudi kwake napiga kelele. Hakukana.

"Keshakufa, ameumia wapi? Hisa zingegawiwa, Silima angeuza fungu lake." Silima ni kaka yetu, mvuvi, yuko Nungwi.

"Huna haya wewe! Huna haya!"

"Mbona unanivaa mimi tu? Kamtazame aliyetia sahihi ya shahidi."

Asubuhi yake ofisi ya usajili wakanitolea nakala ya fomu. Dole limekaa upande, nusu yake imefifia.

Chini yake: Shahidi, Nadir Mkadam.

Mume wangu.

Mwanamme aliyekuwa mbele kubeba jeneza. Aliyekula hitma, akarudia sahani.

Nikamtupia fomu mapajani.

"Mimi nilishika mlango tu," akasema. "Bashira aliniahidi robo ya hisa."

Mlango tu! Alisema kama mtu aliyesaidia kuhamisha kabati.

Mahakama ikaibatilisha ile fomu, na kesi ya kughushi bado inaendelea. Hisa za mama zimegawiwa kisharia, Silima fungu lake, sisi mafungu yetu. Talaka nimeidai, nimeipata.

Lakini Bashira ni mbia wangu, sharia imempa haki yake. Kila karatasi ya kampuni lazima tukae meza moja. Akishika kalamu, mie nageuza uso. Ule mkono siwezi kuutazama.

Nyie wenye kampuni za kifamilia, akifariki mmoja wenu, wiki hiyohiyo nendeni mkaombe orodha ya wamiliki. Isomeni kila jina na kila tarehe. Atakayewaambia mna pupa, mwacheni aseme.

Mimi nilingoja miezi saba kwa kuona haya kuulizia mali ya marehemu. Dada yangu hakungoja hata maiti ikoshwe.