Jeneza Tupu na Kona ya Baba

Nakumbuka siku moja, mwanangu, jeneza la msikiti lilipitishwa mtaani kwetu likiwa tupu. Watu waliacha kazi, wakasimama milangoni kuuliza nani amefariki. Wabebaji wakajibu kwamba hakuna. Walikuwa wanapima njia.

Hiyo ilikuwa Gisenyi, miaka ya hamsini, Wabelgiji bado wanatawala. Mji ulikuwa unajaa, na kila msimu wageni waligonga mlango wetu wakitafuta chumba. Kupanua mji kuelekea Nyakiriba kulishindikana, maana wakulima wa huko walisema maharagwe hayaoti juu ya paa. Basi mpimaji wa serikali akachora mtaa wetu upya: viwanja vingi, vichochoro vyembamba. Akapigilia vigingi vya mipaka, kisha akaitisha mkutano ili tuseme neno kabla ya ujenzi kuanza.

Baba yangu, fundi wa kushona, aliupenda mchoro ule kuliko watu wote. Kiwanja chake kiliangukia kwenye kona, na kona ingempa duka lenye milango miwili, mmoja kila njia. Miaka yote alishonea barazani, mvua ikimfukuza ndani na cherehani yake. Mimi nilikuwa msichana mkubwa, nikimshonea vifungo, na duka lile nilikwisha kuliona kichwani.

Mkutanoni wanaume walibishana juu ya vyoo na mifereji. Ndipo Bibi Zaina, aliyekuwa akiosha maiti za wanawake wa mtaa, akauliza kwa upole:

"Na jeneza itapita wapi?"

Mpimaji alipotafsiriwa swali, alikuna kidevu, akakiri kwamba hajawahi kuliona jeneza letu. Akaomba libebwe, lipitishwe kati ya vigingi.

Tuliokuwa mkutanoni tulilifuata sote, hata sisi wanawake, kwa kuwa halikuwa na mtu. Lilikwenda vizuri hadi kwenye kona yetu. Hapo likakwama. Wabebaji wakarudi nyuma, wakajaribu kulipinda, wakalinyanyua juu ya vichwa, likainama upande mmoja. Nadhani kila mtu alimwona maiti wake akiteleza ndani yake. Mimi nilimwona marehemu mama.

Watu wakamgeukia Baba. Jirani mmoja akamtania: "Fundi, we unatushonea sanda, kisha unatufungia njia?"

Baba hakucheka. Alikwenda hadi kwenye kigingi, akakigusa kwa mguu.

"Bon, haya basi," akasema, "mutoe hiyo kigingi. Lakini mulango wangu wa pili, tutaulilia wote."

Kigingi kikarudishwa nyuma. Duka likawa dogo, la mlango mmoja, na Baba alinung'unika juu yake hadi uzeeni. Sitakudanganya kwamba aliridhika.

Juma lililopita walimchukua mume wangu kwenda kumzika. Sisi wanawake tulibaki mlangoni, kama ilivyo desturi yetu. Nililitazama jeneza mpaka kwenye kona ile. Likapinda bila kusimama, mabega yote yakiwa sawa, likaenda zake.

Mwanangu, sasa kupanga mji ni zamu yenu ninyi vijana. Kwa kila njia mnayochora, ulizeni nani atapita, akiwa mzima na akiwa hawezi tena kutembea. Msione haya kubeba kitu chenyewe mkakijaribu. Na ukikuta kigingi kinachozuia ni chako, king'oe, hata kama utanung'unika.

Mungu akupe nyumba ya kukutosha, na majirani watakaokubeba taratibu siku yako ikifika, nayo ichelewe sana. Amina.